Delamere: jina, ziwa na ardhi

Sisi wa Goma, kwa mazoea ya Kifaransa, tukiona «Delamere» tunafikiria mama. Kumbe ni msitu wa Cheshire, Uingereza, na maana yake ni «wa maziwa». Mwaka 1821 Thomas Cholmondeley (tamka Chamli) alipewa ubwana kwa jina hilo. Hugh, Bwana Delamere wa tatu, aliyefariki 1931, alilileta Kenya. Kwa sadfa, akamiliki Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, nchi ambayo Wamasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904.

Baada ya uhuru, barabara ya Delamere mjini Nairobi ikawa ya Kenyatta. Soysambu ikabaki kwa ukoo. Nionavyo, kufuta jina kibaoni si kufuta hati. Lakini «Soysambu» ni Kimaasai: neno limewakumbuka wenyewe.