Mwenye Darubini Ufukweni Tungue

Ninyi maofisa na askari wa Jeshi na wa Polisi mlioko malindoni: tuchukulie kwamba mmoja wenu yuko zamu alfajiri katika ufuko wa Palma, kwenye ghuba ambayo ramani za zamani huiita Tungue. Maji yamekupwa. Kando ya mikoko amesimama mgeni, darubini machoni, daftari mkononi, na begani imening'inia kamera yenye lenzi ndefu kama mtutu. Amekuwapo hapo tangu kabla ya jua kuchomoza. Hasemi na mtu, na kila baada ya dakika chache anaandika tarakimu. Kusini mwa ghuba iko rasi ya Afungi, penye mradi mkubwa wa gesi. Je, mtu huyo ni nani, na anahesabu nini?

Kwingineko swali hilo lingeweza kuwa la mzaha. Tungue limekuwa zito. Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia, na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma wenyewe ulivamiwa. Watu wakauawa, na maelfu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua. Mashambulizi katika wilaya mbalimbali za jimbo hilo yaliendelea hata mwaka 2025. Askari aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa akimtilia shaka mtu mwenye darubini. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa.

Lakini shaka nayo inahitaji maarifa. Mwaka 2013, katika mkoa wa Qena nchini Misri, korongo mmoja alikamatwa na kuwekwa kituoni kwa kushukiwa ujasusi, kwa kuwa mgongoni alibeba chombo cha umeme. Uchunguzi ulibainisha kuwa chombo hicho kilikuwa cha wataalamu wanaofuatilia safari za ndege, na mtuhumiwa akaachiliwa. Dunia nzima ilicheka. Miaka 12 kabla ya hapo, mwezi Novemba 2001, Ugiriki iliwakamata Waingereza na Waholanzi ambao starehe yao ni kuandika namba za ndege za angani, zile za chuma. Walihukumiwa kwa ujasusi mwezi Aprili 2002, na rufaa ikawaachia huru mwezi Novemba mwaka huo huo. Pale hakuna aliyecheka sana.

Turudi ufukweni. Mgeni wetu, ikiwa ni mtazamaji ndege wa kweli, anahesabu wasafiri. Kila mwaka, kuanzia Agosti na Septemba, fukwe za Afrika Mashariki hupokea makundi ya vitwitwi waliotaga na kulea makinda kaskazini kabisa mwa Siberia, na kuruka kilometa zipatazo 10,000 hadi huku. Wamo sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, na wamo wengine wadogo kuliko ngumi ya mtu mzima. Hushinda kwenye tope na mafungu ya mchanga wakati wa maji kupwa, wakichokoa minyoo na kaa wadogo, hadi Machi na Aprili wanapoondoka wakiwa wamenona.

Yuko mmoja ambaye wageni wako tayari kuvuka bahari ili kumwona. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene kama wa mwashi wa mawe, kwa kuwa chakula chake hasa ni kaa. Hutaga katika fukwe na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, na namna yake ya kutaga itamfurahisha askari yeyote: huchimba handaki mchangani na kuweka yai moja jeupe mwisho wa handaki hilo, mbali na jua na adui. Baada ya hapo hushuka na kukaa katika mwambao wetu. Kaskazini mwa mto Ruvuma, upande wa Tanzania, maskani ya namna hii yalipewa ulinzi wa sheria mwaka 2000 ilipoundwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma. Ndege hawaujui mpaka huo. Wanalala upande huu na kula upande ule.

Hapa pana jambo ambalo mlinzi wa pwani pengine amekwisha kuliona bila kufundishwa. Makundi hayo hayalali fofofo. Yakiruka ghafla usiku kwa makelele, mahali ambapo hakuna mvuvi, kuna kitu kimepita.

Sasa, mtazamaji ndege ana faida gani kwa mtu wa Palma? Jibu tulitafute katika nchi ndogo ya milima ambayo askari wake wanaifahamu vyema Tungue. Julai 2021 Rwanda ilipeleka Cabo Delgado askari 1,000 wa jeshi na polisi, na tarehe 8 Agosti wao na majeshi ya Msumbiji waliurejesha mji wa Mocímboa da Praia. Nchi hiyo ilitoka katika mauaji ya kimbari ya 1994 ikiwa na mbuga zilizovurugika. Mwaka 1997 hifadhi ya Akagera ilikatwa zaidi ya nusu ili waliorejea kutoka ukimbizini wapate ardhi. Katika msitu wa Nyungwe ndovu wa mwisho alikutwa amekufa mwaka 1999. Ni katika msitu huo huo, wenye aina zaidi ya 300 za ndege, kadhaa kati yao wasiopatikana nje ya milima ya ukanda huo, watazamaji ndege walianza kurudi baada ya amani kutulia. Nyungwe ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, na mwaka 2023 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Tangu 2005 sehemu ya mapato ya hifadhi za Rwanda hupelekwa kwa vijiji jirani; ilianza asilimia 5, na mwaka 2017 ikawa 10.

Nchi nyingine ndogo ya milima, Lesotho, nayo ilikuwa na askari katika ujumbe wa SADC uliokuwapo Cabo Delgado kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024. Huko wageni hupanda majabali ya baridi kali kumtazama tai mwenye ndevu, ambaye huangusha mifupa juu ya miamba ili ipasuke apate uboho. Hatudai kwamba Palma itakuwa Nyungwe kesho. Mtazamaji ndege ni mtu mwoga kwa haki. Haendi penye risasi, na akienda bila ruhusa katika eneo la vita anawatwisha walinzi mzigo wasiouhitaji.

Basi, ndugu askari, tofauti yake na jasusi utaijuaje? Muulize ameona nini. Mtazamaji wa kweli atafungua daftari bila kusitasita, na humo mtakuwa na majina ya ndege, idadi, saa na hali ya maji. Atakupa darubini utazame mwenyewe. Mara nyingi huwezi kumnyamazisha. Lenzi yake inafuata tope na maji. Ikigeukia geti, gati au gari la doria, hapo muulize maswali mengine. Vibali vyake vikaguliwe kwa heshima, na picha zisifutwe kabla mkubwa wa zamu hajaziona.

Na ikiwa mvuvi atakuletea ndege mwenye pete ya bati mguuni, usiitupe pete hiyo wala usimweke ndege kituoni. Andika maneno na namba iliyochongwa, tarehe na mahali alipopatikana, kisha uifikishe taarifa hiyo kwa ofisi ya wanyamapori au hifadhi iliyo karibu. Ikiwa angali hai, mwachieni ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, apate kula.