Kwa nini upele unarudi hata baada ya kupaka dawa?

Wasikilizaji wetu wa Kibondo na Kasulu, swali hili linakuja kila tunapofungua laini za simu: mtoto amepakwa dawa, amepona, baada ya wiki chache anajikuna tena usiku kucha.

Upele hauletwi na damu chafu, wala si aibu ya mama. Ni kijidudu jamii ya utitiri. Jike lake huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huambukizwa ngozi kwa ngozi, kama kwa watoto wanaolala kitanda kimoja. Aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku anawaambukiza wenzake. Ukimpaka mmoja tu, wengine humrudishia.

Tunajua familia nyingi hununua chupa moja kwa ajili ya mtoto anayelia. Lakini dawa hupakwa nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa, toka shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kwa wachanga, muulize mhudumu kwanza. Mashuka na nguo fueni kwa maji moto, mwanike juani. Muwasho huweza kubaki wiki kadhaa baada ya wadudu kufa. Msikimbilie krimu kali za dukani.

Wataalamu wa ngozi hufundishwa KCMC, Moshi, tangu 1992, mbali na sisi. Kwa upele, zahanati inatosha. Baka lisilo na hisia ndilo la kuwahi: huenda ni ukoma, na dawa zake ni bure.