Ubadilishaji wa Klachi na Flaiwili katika Gari la Dizeli: Maelezo ya Kifundi kwa Mazingira ya Mkuyuni, Mwanza

1.0 Utangulizi

Mkuyuni ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, iliyo kando ya Barabara ya Kenyatta itokayo katikati ya jiji kuelekea Butimba, Nyegezi na Buhongwa. Magari ya abiria yapitayo hapo husimama na kuondoka mara nyingi kwa siku, tena katika jiji ambalo mitaa yake mingi imepanda vilima vya mawe. Kila gari linapoondoka, klachi hulika kidogo. Makala hii inaeleza sababu za kuchakaa kwa klachi na flaiwili za gari la dizeli, kisha inajadili uamuzi mgumu zaidi katika kazi hii: kubadilisha klachi peke yake au pamoja na flaiwili. Mmiliki hulazimika kuamua hilo huku akizihesabu siku ambazo dereva hataleta hesabu. Mfano unaotumika ni Toyota Hiace ya gia za mkono yenye injini ya 3L, ya sentimita za ujazo 2,779, inayosukuma magurudumu ya nyuma kupitia propela shafti.

Istilahi zilizotumika ni zile za gereji: klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi, flaiwili. Mwandishi anaona kwamba istilahi ambayo fundi hawezi kuitumia kuagizia spea dukani haijakamilisha kazi yake, hata ikiwa imeundwa kwa ustadi.

2.0 Utendaji kazi wa klachi na flaiwili

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Katika dizeli za Toyota za kizazi hiki, uwiano wa mshindilio ni takribani 22 kwa 1, wakati injini nyingi za petroli zipo karibu na 10 kwa 1. Kwa hiyo kila mlipuko huisukuma krenki kwa kishindo, na kila mshindilio huirudisha nyuma. Injini ya silinda nne ikiunguruma kwa mizunguko 750 kwa dakika hupata milipuko 25 kwa sekunde. Flaiwili, ambayo ni gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya krenki, huhifadhi nguvu ya kila mlipuko na kuitoa katikati ya milipuko, ili mzunguko usiende kwa kushtuka.

Uso wa flaiwili ndio pia ukuta ambao klachi pleti hubanwa dhidi yake na presha pleti. Uwezo wa klachi kupitisha nguvu hutokana na mambo manne: msuguano, idadi ya nyuso, kani ya mbano na nusu kipenyo cha wastani. Tuchukue mfano wa kukokotoa: msuguano 0.3, nyuso 2, kani ya nyutoni 5,000 na nusu kipenyo cha mita 0.1. Zao lake ni nyutoni-mita 300, kiasi kinachotosha kwa injini ya 3L ambayo hutoa takribani 190. Iwapo oili itavuja na kushusha msuguano hadi 0.1, uwezo huo hushuka hadi 100. Gari hilo litateleza klachi ingawa pleti yake ni mpya kabisa. Hesabu hii fupi inaeleza kwa nini kazi nyingi hurudi gereji mapema: sili ya nyuma ya krenki iliachwa.

3.0 Uchunguzi kabla ya kushusha giaboksi

Dalili iliyo wazi ni injini kupiga kelele kilimani bila gari kuongeza mwendo, ikifuatana na harufu ya kuungua. Kipimo rahisi ni kufunga breki ya mkono, kuingiza gia ya tatu au ya nne, kisha kuachia pedeli taratibu. Injini inapaswa kuzima. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Kipimo hiki kifanywe mara moja tu, katika eneo lisilo na watu mbele ya gari, kwa kuwa chenyewe huongeza joto.

Gia zikikataa kuingia, klachi pleti isihukumiwe haraka. Huenda masta silinda au silinda ya chini inavuja, au kuna hewa kwenye bomba, na matengenezo hayo hayahitaji kushusha giaboksi.

4.0 Hali ya flaiwili

Mijadala mingi kati ya fundi na mmiliki huanzia hapa, giaboksi ikiwa tayari chini. Dereva anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki huifanya klachi isuguane mfululizo, na joto lote linalozalishwa huingia kwenye uso wa flaiwili na wa presha pleti. Gari lenye uzito wa kilo 2,500 likitoka kusimama hadi mwendo wa mita 4 kwa sekunde hupata nishati ya kilojuli 20. Kiasi kinachokaribia hicho hubaki kama joto ndani ya klachi. Mlimani kiasi hicho huongezeka.

Flaiwili iliyopata joto kupita kiasi huonyesha mabaka ya buluu, mifereji na nyufa ndogo. Mabaka hayo ni sehemu ambazo chuma kimegeuka kuwa kigumu kuliko jirani yake, hivyo pleti mpya hushika kwa kurukaruka na gari hutetemeka linapoondoka. Mifereji na nyufa za juu juu huweza kuondolewa kwa kuchonga uso kwenye mashine ya lethi. Mchongaji asishushe eneo la msuguano peke yake pale ambapo presha pleti imefungwa kwenye usawa tofauti: tofauti ya kimo iliyowekwa na mtengenezaji lazima ibaki ileile, la sivyo kani ya mbano hubadilika. Ufa uliozama haurekebishwi. Flaiwili huzunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na miguu ya dereva, na ikipasuka vipande vyake hutoboa ganda la giaboksi.

Pete ya meno ya stata nayo ikaguliwe mzunguko mzima. Kwa kuwa mshindilio huisimamisha injini ya silinda nne karibu na sehemu mbili zilezile kila inapozimwa, meno huliwa zaidi katika sehemu hizo mbili, na fundi anayetazama upande mmoja tu anaweza kuidhania pete kuwa nzima.

Dizeli nyingi za kisasa, hasa za Ulaya, hutumia flaiwili ya sehemu mbili zilizounganishwa kwa springi. Hiyo kwa kawaida haichongwi; springi zikilegea hubadilishwa nzima, na gharama yake huwashtua wamiliki waliozoea Hiace.

5.0 Ubadilishaji

Betri hutenganishwa kwanza, kisha gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Propela shafti, nyaya, silinda ya chini na stata hutolewa, halafu giaboksi hushushwa ikiwa imebebwa. Isiachwe ikining'inia kwenye shafti yake, kwani huipinda pleti. Vumbi lililo ndani lisipulizwe kwa kompresa: pleti za zamani zilikuwa na asbesto, na asili ya pleti ya mtumba ni vigumu kuithibitisha. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Sili ya krenki, sili ya mbele ya giaboksi, rilizi beringi na beringi ndogo ya katikati hubadilishwa pamoja, kwa kuwa bei yake ni ndogo kulinganisha na kazi ya kushusha tena. Bolti za flaiwili hukazwa kwa spana ya kipimo kufuata kiwango cha mtengenezaji. Klachi pleti huwekwa katikati kwa shafti ya kulinganishia, na bolti za presha pleti hukazwa kidogo kidogo kwa mshazari. Grisi kwenye meno ya shafti iwe chembe tu. Ikizidi hurushwa hadi kwenye pleti. Hatimaye mfumo wa majimaji hutolewa hewa, na kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo gari huendeshwa bila mzigo mzito, ili nyuso mbili zipate kukaana.