Je, Wajua? Kiingereza Kinabanika Hadi Wapi

Je, wajua kwamba maandishi ya Kiingereza yana kikomo ambacho programu ya kubana mafaili haiwezi kukivuka bila kupoteza maneno? Mwaka 1951 Claude Shannon wa Bell Labs, Marekani, alijaribu kukipima, na kipimo chake kilikuwa binadamu.

Mtu alifichwa sentensi, akatakiwa akisie herufi moja baada ya nyingine, kila moja mpaka aipate. Sentensi moja ilihusu pikipiki kutokuwa na gia ya kurudi nyuma. Ilikuwa na herufi na nafasi 102, naye akapatia 79 kwa jaribio la kwanza! Alipofika kwenye neno “reverse” alikwama: R ilimgharimu majaribio 15, na V 17. V ilipojulikana, herufi tatu zilizofuata akazitaja papo hapo. Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe: kinachokisika hakina haja ya kuhifadhiwa. Shannon alisema mkisiaji huyo angekuwa na pacha anayefikiri sawasawa naye, ingetosha kumpelekea pacha idadi ya majaribio tu, naye angeirudisha sentensi nzima.

Kwa hesabu yake, kila herufi ya Kiingereza hubeba kati ya biti 0.6 na 1.3 za habari mpya. Kompyuta kwa kawaida huitengea biti 8.

Tangu mwaka 2006 kuna Tuzo ya Hutter kwa wanaoshindana kubana maandishi ya Wikipedia ya Kiingereza. Siku hizi faili la mashindano ni la gigabaiti 1, na fungu la zawadi ni yuro 500,000. Zip ya kawaida hulifikisha kwenye megabaiti 322 hivi; mabingwa wamelishusha hadi karibu 111, chini kidogo ya biti 1 kwa kila herufi. Ukubwa wa programu ya kufungulia nao huhesabiwa, na ni haki kabisa, la sivyo mtu angeificha Wikipedia yote humo ndani.

Na faili lililokwisha kubanwa vizuri, ukilibana tena halipungui. Mara nyingi huongezeka kidogo. Marudio yote yamekwisha kuondolewa, na mafaili mafupi ni machache kuliko marefu, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kulifupisha kila faili.