Barua za kodi zipigwe mhuri



Nina dukuduku langu kwa wahusika wa kodi ya mapato.

Nina kiduka. Mwaka 2021 mauzo yangu ya mwaka yalikadiriwa kuwa shilingi 5,000,000, nikaambiwa nilipe kodi 100,000. Lakini kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, hiyo ni kodi ya asiyeweka hesabu. Anayeziweka alitakiwa kulipa asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi 4,000,000, yaani kwangu mimi 30,000 tu. Na daftari ninalo; hata kiberiti kimeandikwa.

Niliandika barua ya pingamizi nikaipeleka mwenyewe. Karani aliipokea akasema nitaitwa. Sikuitwa. Niliporudi mara ya tatu, nauli juu yangu, nikaambiwa barua haionekani, na siku 30 za kupinga makadirio zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 zimekwisha. Nikalipa 100,000.

Sikatai kulipa kodi. Naomba tu kila barua ya mwananchi ipigwe mhuri wa "Imepokelewa" pamoja na tarehe, naye aondoke na nakala yake. Mhuri wenyewe upo, niliuona juu ya meza ya karani.

Mwenye Kiduka