Karatasi, udongo na mawe ya volkano: kujenga bila kugombania miti



Katika mikutano ya maridhiano tunazungumza mara nyingi juu ya mashamba, ng'ombe na mipaka. Mara chache tunazungumza juu ya miti ya kujengea. Lakini watu waliokimbia vita wakifika katika kijiji cha wengine, wanahitaji mara moja miti ya kusimamishia kibanda na kuni za kupikia. Mwenye shamba anaamka na kukuta mikaratusi yake imekatwa. Mkimbizi naye anaona watoto wake wananyeshewa. Hapo ugomvi unaanza, na kila mmoja ana sababu yake.

Je, inawezekana kujenga bila kukata miti mingi? Wasanifu majengo kadhaa wamejaribu, na baadhi ya majaribio hayo yalifanyika karibu na kwetu.

Somo la mwaka 1994

Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma na kandokando yake katika siku chache tu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (HCR) lilikuwa likigawa turubai za plastiki za mita 4 kwa 6. Miti ya kulitandazia turubai, kila familia ilijitafutia yenyewe. Msitu uliokuwa karibu ni wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo ni ya kwanza kabisa barani Afrika. Miti ilikatwa kwa wingi sana kwa kuni na kwa ujenzi. Mwaka huohuo wa 1994 Virunga iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kwa kutaka kuokoa miti, wakimbizi walipewa nguzo za alumini. Lakini alumini ina bei sokoni. Watu wenye njaa waliziuza nguzo hizo, kisha wakarudi msituni na mapanga yao. Tusiwalaumu haraka: mzazi asiye na chakula anauza alicho nacho.

Nguzo za karatasi

Msanifu mmoja wa Japani, Shigeru Ban, aliona picha za wakimbizi wale wakitetemeka kwa baridi. Tangu mwaka 1986 alikuwa akijaribu kutumia mabomba ya karatasi, yaani yale magumu ambayo vitambaa huzungushiwa kiwandani. Bomba la namna hiyo hutengenezwa kwa karatasi iliyokwisha kutumika, iliyopakwa gundi na kuzungushwa tabaka juu ya tabaka. Ni jepesi, lakini lina nguvu kuliko mtu anavyodhani, na linaweza kupakwa dawa ya kuzuia maji.

Ban alikwenda hadi Geneva kueleza wazo lake, na mwaka 1995 HCR ilimchukua kama mshauri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vibanda 50 vya majaribio vilisimamishwa katika kambi ya Byumba, Rwanda. Walichunguza mambo ya kawaida kabisa: gharama yake, muda vitakaodumu, na kama mchwa watavila.

Faida kubwa ya karatasi ilikuwa bei yake ndogo. Nguzo ya karatasi haina mnunuzi, kwa hiyo inabaki inaposhikilia turubai. Baadaye Ban alijenga nyumba za namna hiyo kwa watu waliopatwa na tetemeko la ardhi huko Uturuki mwaka 1999 na India mwaka 2001. Huko India, msingi ulijazwa vifusi vya nyumba zilizobomoka.

Udongo usiochomwa

Wengi wetu tunajenga kwa matofali ya kuchoma. Ni mazuri, lakini tanuru moja linameza kuni nyingi. Huko Burkina Faso, Francis Kéré alijenga shule ya msingi katika kijiji chake cha Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Udongo wa palepale ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa na kuachwa ukauke bila moto. Paa la mabati liliinuliwa juu ya dari ili hewa ya joto itoke. Wanakijiji wenyewe ndio walioijenga. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ile ambayo Ban aliipata mwaka 2014.

Mawe yaliyokuwa kero

Kaskazini mwa Rwanda, wakulima wanaoishi chini ya milima ya volkano hukutana na mawe meusi kila wanapolima. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilijengwa kwa mawe hayo. Waashi wa hapo waliyachonga na kuyapanga kwa ufundi mkubwa, na maelfu ya wenyeji walipata kazi. Goma nayo ina mawe ya lava kila mahali, hasa tangu Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002.

Tunajifunza nini?

Kwanza, msaada unaosahau miti unaweza kuleta ugomvi mpya. Pili, kifaa cha bei ndogo si dharau kwa anayekipokea, kama kinamfaa. Tatu, kazi ya ujenzi igawanywe: mwenyeji na mkimbizi wakishindilia tofali pamoja, wanapata nafasi ya kusemezana kabla ya kushtakiana.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, nani hukata miti ya kujengea, na nani hupata hasara?
2. Tuna udongo, mawe au mianzi gani ambayo hatujaijaribu?
3. Wageni wakifika kesho, tutakubaliana vipi nao juu ya miti kabla panga halijatolewa?