Neutroni, Koltani na Mgonjwa wa Masisi

Wanafunzi wangu wa fizikia hapa Masisi wengi ni watoto wa wachimbaji wa Rubaya. Bei ya koltani wanaijua kunishinda. Wanachoniuliza ni kazi yake. Habari ya simu wameshaisikia. Mimi huwaeleza mashine za kuzalisha neutroni za kutibu kansa.

Neutroni ni chembe isiyo na chaji, imo ndani ya kiini cha atomu. James Chadwick aliigundua mwaka 1932. Mwaka 1936 Mmarekani Gordon Locher akatoa wazo: mgonjwa apewe dawa yenye boroni inayojikusanya kwenye uvimbe, kisha amulikwe kwa neutroni. Boroni ikinasa neutroni hupasuka, na vipande vyake haviendi mbali kupita upana wa seli moja. Seli ya kansa hufa, jirani yake husalimika.

Kwa miaka mingi neutroni hizo zilipatikana kwenye reakta za nyuklia. Kinshasa tulikuwa nayo, TRICO, ya kwanza Afrika, iliyowashwa 1959. Lakini nani ataweka reakta kando ya wodi? Wahandisi wakageukia mashine inayokimbiza protoni na kuzigongesha kwenye bamba la berili au lithiamu, neutroni zikachomoka. Japani iliruhusu ya kwanza kutumika hospitalini Machi 2020, kwa kansa za kichwa na shingo.

Kazi ngumu iko kwenye bamba. Joto lake ni kali, na protoni zinazokwama ndani hugeuka hidrojeni, inayotoa malengelenge kwenye shaba inayoshikilia bamba hilo. Metali iitwayo tantali huinyonya hidrojeni hiyo, tena haiyeyuki mpaka nyuzi 3,000 hivi. Ndiyo sababu watafiti wengine hutandika lithiamu juu yake. Tantali hutoka kwenye koltani. Nayo bati, kama ile ya Bisie kule Walikale, huunganisha saketi za mitambo ya namna hii.

Siombi mashine ya neutroni. Naomba ile ya mionzi ya kawaida, anayoihitaji mama mwenye kansa ya mlango wa kizazi, ambaye leo huambiwa avuke mpaka hadi Kigali au Kampala. Na ije pamoja na mafundi: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika, na wagonjwa wengine wakapelekwa Nairobi. Ninyi mnaojadili mikataba ya madini ya Kivu Kaskazini, andikeni humo mashine ya mionzi ya Goma na mishahara ya watakaoitunza.